Karani Asiyekunywa Chai

Mlinipa saa ya ukutani. Mtu amestaafu, hana tena pa kuwahi, na ninyi mnampa saa. Nilishukuru, nikala keki, nikapigwa picha. Halafu mmoja wenu, yule anayevaa vipokea sauti hata chooni, akaniambia, "Madam, si utuandikie safari yako ya kazi? Tutaiweka kwenye grupu." Safari! Kwani nilikuwa mtalii?

Haya, nitaandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo nilivyoviona vilipewa watu waliojua kufunga tai, na kuhusu mishahara, hata ninyi mnajua. Nitawaandikia kuhusu jambo moja ambalo ninyi hulifanya kwa kubonyeza mara mbili huku mkila mandazi, kisha mnalalamika kwamba mtandao uko polepole. Kuelekeza jina kwenye namba inayobadilika. Mimi jambo hilo lilinitoa jasho, na lilinifundisha kitu ambacho sikukiona kikiwa mbele ya pua yangu.

Niliajiriwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, nikiwa mpiga chapa. Nilikuwa nakaa Ziwani, nyumba ya baba yangu aliyekuwa wa reli, na ofisi ilikuwa barabara ya Jogoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na saruji. Kibao cha mlangoni kilisema tunatoa huduma za kompyuta na tovuti. Kompyuta zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kama sofa, na hakuna aliyeruhusiwa kuifunua bila sababu.

Mwenye ofisi alikuwa Bwana Makokha. Huyu alikuwa karani wa baraza la jiji kwa miaka mingi, akastaafu, akanunua kompyuta mbili na laini moja ya simu, akajiita mkurugenzi. Siku yangu ya kwanza hakuniuliza kama najua kupiga chapa. Alinionyesha kabati la fomu. Fomu ya kuomba karatasi. Fomu ya kuomba utepe wa mashine. Fomu ya kuomba fomu, wallahi sidanganyi. Kila moja ilikuwa na nakala tatu za kaboni na nafasi ya muhuri, na muhuri ulikaa kwenye droo yake, na ufunguo wa droo ulikaa mfukoni mwake. Halafu akaniangalia kichwani.

"Rispa, hiyo ni nini?"

"Penseli, mzee."

"Kwenye nywele?"

"Mikono inakuwa imeshika vitu."

"Hapa ni ofisini, si kwa seremala," akasema. Niliitoa. Alipogeuka nikairudisha, na haijatoka mpaka leo.

Fundi wetu aliitwa Kilonzo. Alikuwa mtu wa nyaya, alipanda nguzo za simu ujanani, akaanguka mara moja, akaamua kompyuta ziko chini zaidi. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na hakuwahi kunifundisha akiwa ameketi. Aliniita kila modemu ilipokuwa inapiga simu. "Sikiliza," angesema. "Hiyo sauti ya kwanza inauliza, hiyo ya pili inajibu. Ikikwaruza hivyo, laini ina maji. Subiri." Ninyi mnasoma taa ya kijani. Sisi tulijua kwa masikio kama siku itakuwa nzuri.

Kilonzo ndiye aliyemleta Mutisya. Walitoka sehemu moja huko Ukambani. Mutisya alikuwa mchongaji, mtu wa miaka kama arobaini, mpole, mikono mikubwa yenye makovu madogo madogo, na alikaa Mukuru kwa Reuben. Yeye na wenzake kumi na mmoja walikuwa na kiwanja chao cha kuchongea nyuma ya maghala ya Industrial Area. Watalii walikuwa wamepungua, na wale waliokuja walitaka twiga. Twiga mrefu, twiga mfupi, twiga wa kuwekea leso. Mutisya alikuwa hachongi twiga. Alichonga watu anaowaona: mama anayechota maji kwenye bomba lenye foleni, kinyozi, mtu wa mkokoteni.

Sasa kulikuwa na mama mmoja Uholanzi mwenye maduka. Alikuwa ameona kazi ya Mutisya nyumbani kwa mtu, akaipenda, akaandika barua. Lakini mama huyo alikuwa ameumizwa. Tapeli mmoja wa mjini alikuwa amemtumia picha safi, kisha akamtumia kreti la vinyago vya jakaranda vilivyopakwa rangi ya viatu ili vionekane mpingo, na nyufa zimezibwa kwa nta. Kwa hivyo alisema hataki picha tena. Anataka kukiona kinyago chenyewe, mchana, mkononi mwa aliyekichonga, kikigeuzwa anavyosema yeye. Akiridhika, atalipa kundi zima kazi ya mwaka mmoja. Asiporidhika, basi. Wenzake watatu wa Mutisya walikuwa wameshafunga mizigo warudi nyumbani. Walikubali kungoja hilo tu.

Kilonzo alikuwa na kamera ndogo ya duara, ya kuweka juu ya kompyuta, iliyoweza kupiga picha kila nusu dakika na kuiweka kwenye ukurasa. Kwa hivyo kazi ilionekana rahisi. Mutisya akae dirishani, kamera imtazame, mama wa Uholanzi afungue ukurasa, atume barua pepe kusema geuza hivi, geuza vile.

Tatizo ni namba. Najua mnalijua hili, lakini mnalijua kama mtu anavyojua kwamba ng'ombe hutoa maziwa. Kila modemu ilipopiga simu mjini kwa kampuni iliyotuuzia mtandao, kompyuta yetu ilipewa namba mpya. Leo hii, kesho ile. Laini ikikatika ukapiga tena, namba nyingine. Na huyo mama hakuwa na namba, alikuwa na jina la tovuti yetu. Jina hilo lilikaa kwa kampuni ya ng'ambo iliyotuhifadhia tovuti, na kampuni hiyo ilikuwa na paneli, yaani ukurasa wa kuendeshea mambo, ambapo unaingia kwa neno la siri na kuandika: jina hili, leo linaenda kwenye namba hii. Mtu akiweza kuingia kwenye paneli haraka, amemaliza.

Neno la siri lilikuwa kwenye bahasha. Bahasha ilikuwa imefungwa kwa lakiri nyekundu, na ilifungwa upya kila baada ya kutumika. Ilikuwa kwenye ile droo ya muhuri.

"Badiliko lolote la rekodi za kampuni," Bwana Makokha alituambia, "linapita kwenye fomu." Akatengeneza fomu mpya kabisa kwa ajili hiyo, alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Namba ya zamani. Namba mpya. Sababu ya badiliko. Mwombaji. Mwidhinishaji. Muhuri. Nakala tatu. Kisha yeye mwenyewe, si mwingine, ndiye aingie kwenye paneli na kuandika.

Kilonzo alimwambia, "Mzee, hii namba inabadilika kila tukipiga simu."

"Basi fomu itajazwa kila mkipiga simu."

"Inaweza kubadilika kabla hujamaliza kusaini."

"Kilonzo, nimekaa jijini miaka ishirini na tisa. Hakuna kitu kilichobadilika kabla sijamaliza kusaini." Na kwa hilo, kusema kweli, nilimwamini.

Siku ya kwanza ya miadi ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Mutisya alifika saa mbili, amevaa koti la kanisani, na kinyago kwenye gunia. Tukapiga simu, modemu ikaimba vizuri, namba ikaja. Nikajaza fomu. Bwana Makokha alikuwa kwenye chai. Chai ya saa nne huyo bwana aliinywa mpaka saa tano kasorobo, na hakuna karatasi iliyoruhusiwa kuingia chumbani mwake kabla kikombe hakijatoka. Kikombe kilipotoka, akaisoma fomu yote, akasahihisha koma yangu moja, akasaini, akapuliza muhuri kwa pumzi ili wino ushike, akagonga mara tatu. Akavunja lakiri. Akaingia kwenye paneli, akaandika namba kwa kidole kimoja huku akiisoma kwa sauti kama anaita wanafunzi. Saa tano na nusu tayari.

Mama wa Uholanzi hakuona kitu. Aliandika kwamba jina letu limempeleka kusikojibu. Sisi tukiangalia paneli, namba ni sawa kabisa. Nilikaa pale nikijiona mjinga, Mutisya akinitazama, na mimi ndiye niliyekuwa namsomea Kiingereza cha zile barua, kwa hivyo habari mbaya ilitoka kinywani mwangu.

"Sasa ameonaje, dada?"

"Hajaona, Mutisya."

"Kwa sababu ya kinyago?"

"La. Kwa sababu yetu."

Kitabu cha maelezo ya ile paneli kilikuwa kimechapishwa, kurasa mia moja na kitu, nacho kilifungiwa kabatini pamoja na fomu. Nilijaza fomu ya kuomba kitabu. Nilikipata kesho yake. Jibu nililikuta upesi: paneli inapotoa namba, inawaambia watu wa nje waikumbuke kwa muda gani, na yetu ilisema waikumbuke siku nzima. Kwa hivyo huko Uholanzi walikuwa bado wanashikilia namba ya zamani, na sisi tunabadilisha kila saa. Muda huo ungeweza kupunguzwa hadi sekunde sitini.

Nikajaza fomu. Bwana Makokha akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Rispa. Sasa hivi imeandikwa sekunde elfu themanini na sita na mia nne. Wewe unataka kuishusha mpaka sitini?"

"Ndiyo, mzee."

"Kitu cha ofisi kidumu dakika moja? Watu watatuonaje?"

Akakataa. Alidhani namba ikiwa kubwa ndipo huduma inakuwa nzuri. Mnacheka? Juzi nimewaona mkinunua simu kwa kuhesabu kamera zilizo mgongoni mwake.

Miadi ya pili, Jumanne iliyofuata, Kilonzo alikuwa na ujanja. Tulipiga simu siku moja kabla, saa tatu asubuhi, fomu ikapita, namba ikaandikwa, tukaiacha laini wazi usiku kucha hadi kesho yake, ili ile siku nzima ya kukumbuka ipite. Ilifanya kazi. Saa tano kasoro dakika tano, kila kitu kimesimama. Mutisya yuko dirishani, kinyago mkononi, kamera inapepesa. Mama wa Uholanzi akaandika: naona dirisha, naona bega la mtu, sogea kidogo. Mutisya akasogea.

Halafu modemu ikanyamaza.

Bwana Makokha, chumbani mwake, alikuwa ameinua simu. Laini moja, nimewaambia. Alitaka kupiga ng'ambo kumuuliza huyo mama kama anatuona vizuri.

Kilonzo alitoka nje akasimama kwenye ngazi. Mimi nikapiga tena, namba mpya ikaja, nikakimbia na fomu. Na mkubwa wetu akaniambia fomu ya rekodi hiyo imeshapita wiki hii, iko na muhuri, haiwezi kufutwa na nyingine kabla haijawekwa kwenye faili. Nilimwambia namba iliyoko kwenye fomu yake imekufa. Akasema, "Imeidhinishwa." Nilisimama pale na nakala tatu mkononi. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kutafuna kaboni.

Barua ya mama ilikuja jioni. Haikuwa na maneno mengi. Alisema amechoka, kuna wakala mwingine anayetaka kumuuzia, lakini kwa ajili ya lile bega aliloliona atajaribu mara moja ya mwisho, Ijumaa saa tano. Nilimsomea Mutisya. Alitikisa kichwa, akafunga gunia lake kwa kamba, akasema wale watatu wana tiketi za Jumamosi.

Usiku ule nilikisoma kile kitabu cha paneli chote, hata kurasa za kushukuru. Na ukurasa fulani wa nyuma, kwa herufi ndogo, nilikuta kwamba mtu mwenye neno la siri anaweza kuweka alama mahali, akapewa ufunguo, na ule ufunguo akiupa programu ndogo ndani ya kompyuta, kompyuta yenyewe itakuwa inaiambia paneli kila namba ikibadilika. Bila mtu. Kilonzo alisema ile programu anaweza kuiandika kwa saa mbili. Lakini ile alama iliwekwa na mwenye bahasha tu.

Nikakaa nikafikiri. Kumwambia mzee kwamba namba zitabadilika zenyewe ilikuwa ni kumwambia kwamba jua litakuwa linachomoza bila idhini. Lakini mtu huyu alikuwa amekaa jijini miaka ishirini na tisa, na kitu kimoja alichokipenda kuliko muhuri ni kuwa na watu chini yake. Jumatano asubuhi nikachukua fomu ya ajira. Nikaandika: ombi la kumteua Karani wa Namba. Kazi: kuripoti kila badiliko la namba mara litokeapo. Kwa kuwa karani huyu ataripoti kila dakika, kumbukumbu za nje zidumu dakika moja. Mutisya alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni na gunia lake, amekuja kuuliza kama bado kuna Ijumaa.

Bwana Makokha akavaa miwani. "Karani? Aje nimhoji."

"Mzee, huyu ni programu. Atakaa ndani ya kompyuta."

Nilisubiri anifukuze.

"Ataripoti kwa nani?"

"Kwako, mzee."

"Anakunywa chai?"

"Hanywi."

"Likizo?"

"Hana."

"Atasaini daftari la mahudhurio kila asubuhi kama wengine?"

"Atasaini."

Akaweka muhuri mara tatu. Akavunja lakiri, akaweka alama pale nilipomwonyesha, akashusha elfu themanini na sita hadi sitini bila neno hata moja, kwa sababu sasa ilikuwa ni ratiba ya karani.

Ijumaa, kabla ya saa tano, Kilonzo aliingia chumbani mwa mkurugenzi akisema anakagua laini. Alipotoka, waya wa simu ulikuwa mfukoni mwake. Dakika kumi baadaye tukasikia, "Simu imekufa!" na Kilonzo akajibu kwa sauti ya msiba, "Ni laini za mji, mzee."

Mutisya akakaa dirishani. Alikuwa ameleta mtu wa mkokoteni, amechongwa kwa mti wa muhugu, mgongo umepinda, misuli ya shingo imetoka, bila rangi wala nta. Saa tano ikafika. Mama akaandika: nawaona. Geuza kushoto. Mutisya akageuza. Kuelekea dirishani. Akaelekeza. Inua. Akainua juu ya kichwa.

Modemu ikanyamaza tena. Safari hii haikuwa mtu, ilikuwa laini yenyewe, ule mkwaruzo wa maji niliofundishwa kuusikia. Kompyuta ikaanza kupiga simu yenyewe. Mjini laini zote zilikuwa na watu. Ikapiga tena. Ina watu. Bwana Makokha akatoka chumbani mwake na kalamu mkononi, akasimama nyuma yangu. Mutisya alikuwa bado ameinua kile kinyago.

"Shusha upumzike," Kilonzo akamwambia.

"Akirudi anikute nimeshusha?" Mutisya akasema. "Ameniambia niinue."

Mara ya tatu modemu ikajibiwa. Nikafungua ukurasa wa paneli wa kuangalia tu, usiodai neno la siri. Namba ya zamani ilikuwa pale. Nikahesabu kimya kimya. Nikafungua tena, na namba mpya ilikuwa imekaa mahali pake, hakuna mtu aliyeigusa.

"Nani ameidhinisha hiyo?" Bwana Makokha akauliza.

"Wewe, mzee. Jumatano."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Vizuri."

Barua ya mama ikaingia. Nilimsomea Mutisya neno kwa neno: mlipotea, mmerudi, na huyu bwana bado ameinua. Sasa nionyeshe chini yake. Mutisya akakigeuza. Chini palikuwa mti mtupu, alama za patasi zinaonekana moja moja, hakuna nta. Nusu dakika ikapita, picha ikaenda. Kisha mama akaandika kwamba anataka kundi lote, mwaka mzima, na twiga asimwone hata mmoja. Nilipomaliza kusoma, Mutisya alikaa chini sakafuni na koti lake la kanisani, akaweka kile kinyago mapajani, akalia. Kilonzo aligeuka akajifanya anatafuta waya. Mimi nililia pia, na sioni haya kusema.

Tiketi za Jumamosi hazikutumika.

Basi kila asubuhi nikawa nasaini daftari la mahudhurio mara mbili: Rispa, na Karani wa Namba. Siku moja laini iliharibika tangu alfajiri hadi saa nne, na Bwana Makokha akaandika kando ya jina la karani kwa wino mwekundu, "Amechelewa." Ilipotokea mara ya tatu, karani alipewa barua ya onyo. Nakala ipo kwenye faili lake. Nililitunza faili hilo mwenyewe, nililichapa, nilicheka peke yangu, na nikawadharau watu wote wa jengo lile kwa kutoona kilicho wazi.

Baada ya wiki chache Mutisya alikuja na kitu kimefungwa kwa gazeti. "Hii ni ya karani," akasema. "Sote kumi na wawili tumekubaliana. Bila yeye tungekuwa kijijini."

Nikafungua. Kinyago kidogo cha mtu ameketi mezani, ameinama juu ya daftari. Nikawaza, maskini, huyu naye ameamini kuna mtu mle ndani. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikakiweka juu ya kompyuta, karibu na kamera, na kila mgeni aliyeuliza nikamwambia kwa kejeli, huyo ndiye karani wetu, mchapa kazi kuliko sote. Kilikuwa kizuri, ila upande wa kichwa palikuwa na kibanzi kimetokeza, kama mti ulimkatalia fundi. Kiliniudhi kibanzi hicho. Siku moja nilichukua wembe nikikwangue, simu ikalia, nikaacha.

Miezi mitatu ikapita. Mutisya alipokuja tena dhamiri ilinisuta, nikamkalisha.

"Mutisya, nisamehe. Ningekuambia mapema. Hakuna karani. Ni programu ya kompyuta, aliiandika Kilonzo. Anayesaini daftari ni mimi."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

"Dada, mimi nilikuwa kwenye benchi siku ile. Nilisikia yote. Kwani nilisema ni ya kompyuta?" Akanyoosha mkono, akakishusha kile kinyago, akakiweka mezani mbele yangu. "Hebu mwangalie vizuri. Huyu ni mwanamume?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimekaa nacho siku zote hizo. Nikaona sketi. Nikaona mkono ulioshika daftari, na bega la kushoto limepanda juu kidogo, kama la mtu anayepiga chapa tangu ujanani. Na kile kibanzi kilichokuwa kichwani, kile nilichotaka kukikwangua kwa wembe, kilikuwa kimechongwa pembe sita na ncha.

Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye nywele.

"Hiyo penseli," Mutisya akasema, "ilinichukua siku mbili. Inavunjika upesi."

Kiko mbele yangu ninapoandika haya, na penseli haijavunjika. Saa yenu nimeitundika ukutani juu yake. Yeye bado yuko kazini.